Wifi na Mikia ya Chupa

Niseme mapema kabisa: kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa bidii. Siwapendi watu wanaosimulia makosa yao utadhani yaliwadondokea kutoka darini. Mimi ni mwalimu wa kemia, nina shahada, nina miwani, na nina hasira za karibu. Mume wangu husema hasira zangu hufika mlangoni kabla yangu. Dada yake, yaani wifi yangu, ndiye aliyekuwa akitunza stoo ya kemikali ya shule yetu. Hadithi hii ni yake. Mimi nimo kwa sababu nilimharibia.

Wifi alikuwa kibarua wa shule kwa miaka tisa. Aliingia kama mfagiaji. Mtunza stoo wa zamani alipostaafu hakuletwa mwingine, na kwa kuwa ufagio wa Wifi ulikuwa ukipita humo kila siku, chupa nazo zikawa zake. Wanafunzi walimwita Mama Vizibo kwa sababu mifuko yake ilijaa vizibo vya mpira. Stoo yenyewe ni chumba cha hatua sita kwa nne, rafu za mbao pande tatu, kabati la chuma la asidi sakafuni, ndoo mbili za mchanga, na feni ya kutoa hewa inayokoroma kutwa nzima. Sisi walimu hatukuwa na kawaida ya kuingia. Tulisimama kwenye kidirisha, tukataja tunachotaka, na Wifi akakileta kabla hujamaliza kutaja.

Mwaka huo shule ikapata nafasi moja ya fundi wa maabara. Ajira ya kudumu, barua yenye muhuri, jina kwenye orodha ya wafanyakazi. Mkuu wa shule, mtu mwema lakini mwenye roho nyepesi, alimpendekeza Wifi. Jibu likaja: mkaguzi atakuja Jumatatu, ataiangalia stoo na mtunzaji wake. Ikifaulu, kazi ni ya Wifi. Isipofaulu ataletwa mtu mwenye cheti, na Wifi atarudi kwenye ufagio.

Wifi aliposikia aliifagia stoo mara mbili. Jioni alikuja kwetu, akaketi jikoni, akamwambia kaka yake, "Nataka hii kazi mpaka najiogopa." Sikuwahi kumsikia akitaka kitu. Huyu ni mtu ambaye akipewa chai isiyo na sukari huinywa na kusema ahsante.

Nikaapa moyoni kwamba kazi hiyo ataipata, liwe liwalo. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana mimi nikiapa huwa sikai nikafikiri.

Kilichonitia wasiwasi ni faili. Miaka mitatu nyuma alipita mkaguzi mwingine, akaandika sentensi moja: "Mpangilio wa chupa haueleweki." Na kusema kweli, mimi nilimuunga mkono. Ukimuuliza Wifi kiko wapi kitu fulani, hukujibu, "Huyo yuko kwa akina Eti, kulia juu," au, "Mwache, yuko kwao kwa mabinti." Nilidhani ni mizaha. Wifi ni mtu wa mizaha. Hata kwenye mazishi lazima umkalishe mbali na wewe.

Lakini kuna jambo nililokuwa nimelisahau, na ni lazima nilieleze sasa ili mnielewe, au mnilaumu vizuri.

Miaka minne kabla ya hapo kulikuwa na mchana mmoja wa mvua. Vipindi vilivunjika, paa la maabara likawa linapiga kelele, nami nikakimbilia stoo kungojea ipungue. Wifi alikuwa akiosha mirija ya kioo. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Wifi, hivi hizi chupa, mbona majina yao yanaishia kufanana? Wana baba mmoja?"

"Ni ukoo," nikamwambia. "Mkia wa jina ndio unaokueleza mtu ni wa nyumba gani. Ukiona idi, kama kloridi ya sodiamu, hii chumvi yetu ya mezani, mara nyingi ndani wamo wawili tu. Sodiamu na klorini. Hakuna mpangaji."

"Na eti?"

"Hapo oksijeni amehamia. Chukua salfa. Salfidi, hana oksijeni. Salfiti, wamo watatu. Salfeti, wamo wanne. Iti ni nyumba yenye oksijeni wachache, eti ni yenye wengi."

"Eti!" akacheka. "Na nani aliyekaa akapanga hayo?"

"Wafaransa kadhaa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kabla ya hapo kitu kimoja kilikuwa na majina matano, kila fundi na lake. Wakachoka. Wakasema, kuanzia leo jina litaje kilichomo ndani."

Wifi alitikisa kichwa kwa heshima. "Watu wenye akili. Na hii oli? Etanoli, gliseroli?"

"Hiyo ni wanja."

"Wanja upi?"

"Huu wa machoni. Waarabu waliuita kuhl. Wazungu wakalichukua neno pamoja na al, ile ya Kiarabu inayotangulia majina, wakaliita hivyo kila unga uliosagwa ukalainika. Baadaye likawa la kila kitu kilichosafishwa mpaka kikabaki kiini chake, na mwishowe likatua kwenye pombe. Alkoholi. Kisha wanakemia wakaukata mkia wake, oli, wakawavalisha ndugu zake wote."

Wifi aliangua kicheko mpaka mrija ukamponyoka ndani ya beseni. "Kumbe walevi wote wamepaka wanja!"

Nilikuwa nimenogewa. Nikamweleza na oni. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, ina siki katika jina lake, maana siki kwa Kilatini ni asetumu. Na mkia wake, wanasema, uliazimwa kwa Wagiriki, waliouweka kwenye jina kumaanisha binti wa fulani. Asetoni, binti wa siki. Nikamweleza na osi za sukari, zilizomfuata glukosi, na glukosi kafuata neno la Kigiriki la maji matamu ya zabibu. Mvua ikakatika, nikaenda zangu. Wifi alibaki amesimama, mikono ina povu, akiziangalia rafu. Mimi nilikwisha sahau kabla sijafika ofisini.

Basi turudi kwenye bidii yangu. Ijumaa ile kabla ya mkaguzi, Wifi aliomba ruhusa mchana aende kwa fundi cherehani kuchukua koti jipya jeupe, kwa sababu la zamani lilikuwa limetobolewa na asidi mahali pengi. Aliniachia ufunguo. Nikaingia stoo peke yangu, nikafunga mlango, nikavua saa. Kwa muda wa saa tatu nikazishusha chupa zote mia moja sitini na tatu na kuzipanga upya kwa alfabeti.

Niliona kwamba salfeti zilikuwa zimekaa pamoja. Nikasema labda zililetwa kwenye katoni moja. Niliona nitreti zote zimetengwa kwenye rafu yao ya juu, wala hakuna aliyekaribiana nazo. Nikasema huyu Wifi naye, anaacha nafasi kubwa bure. Asidi zilikuwa kwenye kabati la chuma. Nikazitoa, maana A ni A. Nilikuwa nikisoma herufi, sikuwa nikisoma chupa. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili, nikajipongeza kwa sauti.

Jumatatu Wifi alifika saa moja asubuhi. Koti lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Mimi nilikuwa namngojea mlangoni nikitabasamu, mjinga wa watu.

Nikampa ufunguo, akafungua. Akasimama. 

"Wifi," akasema taratibu, "nani kaingia humu?"

"Mimi! Nimekupangia. A mpaka Z. Mkaguzi atakuja aone stoo ya kisasa."

Hakunifokea. Angenifokea ningejua pa kushika, maana kufoka nakuweza. Alikwenda kwenye rafu ya kwanza akaishika chupa ya asetoni kwa mikono miwili, akaigeuza lebo inielekee.

"Umemlaza binti wa siki kitanda kimoja na asidi ya nitriki," akasema.

Nilitazama. Asetoni. Asidi ya nitriki. Bega kwa bega, vioo vinagusana. Kitu hiki nakifundisha kila mwaka: vikikutana hivyo viwili vinaweza kulipuka. Nimekiandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Nikaketi juu ya ndoo ya mchanga.

"Kwa hiyo ulikuwa..." nikaanza.

"Nilikuwa nimewapanga kwa mikia yao. Kama ulivyonieleza. Eti zinazowasha moto huko juu peke yao, walevi na mabinti huku chini mbali nao, asidi kwenye kabati lao. Ulinieleza wewe mwenyewe, Wifi. Siku ya mvua."

Nikataka kumwambia tukimbize, tuzirudishe, lakini kulikuwa na viatu kwenye korido. Mkaguzi alikuwa amefika mapema, wakaguzi wote wana tabia hiyo, na mkuu wa shule alikuwa nyuma yake akifuta jasho.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, viatu bapa, faili kwapani, maneno machache. Alisalimia, akaingia, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye rafu ya A. Hakugusa chochote. Alisimama hapo hata nikahesabu vifungo vya gauni lake, vilikuwa saba.

"Nani alizipanga hivi?"

 Nilimwona Wifi akiliangalia koti lake, kisha akaniangalia mimi, na nikajua anataka kufanya nini kabla hajafumbua mdomo.

"Stoo ni yangu," akasema.

"Basi nasikitika," mkaguzi akasema, na akaitoa kalamu. Wifi alisimama wima, mikono imebana mapajani, na kwenye uso wake nikaiona ile kazi ikiondoka.

"Ni mimi!" nikapiga kelele, kelele hasa, mkuu wa shule akaruka. "Ni mimi nilizipanga, Ijumaa, yeye hayupo. Hakuniruhusu, hakujua. Yeye alizipanga sawa, mimi nikazivuruga."

Mkaguzi alinigeukia. "Wewe ni nani hapa?"

"Mwalimu wa kemia."

"Mwenye shahada?"

"Ndiyo."

"Mm," akasema mkaguzi. Nimewahi kutukanwa katika maisha yangu, lakini ile "mm" bado naisikia nikiwa naoga.

Akamgeukia Wifi. "Anakutetea tu huyu, au ni kweli?"

"Ni wifi yangu," Wifi akasema, "na hajui kutetea mtu. Angejua asingepiga kelele. Nipe saa moja nikuonyeshe zilivyokuwa."

"Nina dakika arobaini."

Wifi akavuta glavu mbili kutoka ndani ya sanduku, akanirushia. "Vaa. Wewe utabeba, mimi nitataja. Na usinipangie kitu."

Jamani, nilibeba. Kwanza asidi, moja moja, kwenye ndoo yenye mchanga ndani, mpaka kwenye kabati lao la chuma. Kisha Wifi akasimama katikati ya chumba, akakunja mikono ya koti lake jipya, na akaanza kuita kama mtu anayepanga wageni wa harusi.

"Nitreti ya potasiamu, nitreti ya amonia, permanganeti ya potasiamu! Hawa wana oksijeni tele na hawana siri, wakimpata wa kuungua wanampa yote. Juu kulia, peke yao. Etanoli, gliseroli, mentholi! Wapaka wanja, kushoto chini, mbali na wale wa juu. Hasa gliseroli na permanganeti, hao wakikutana moto unawaka bila kiberiti. Asetoni na wenziwe wa oni, hapa karibu na walevi, wote wanaungua. Glukosi, sukrosi, laktosi! Hawa hawana ugomvi, lakini wakipewa nitreti nao wanachachamaa, kwa hiyo upande wa pili."

"Salfidi ya chuma?" mkaguzi akauliza.

"Rafu hii, mbali kabisa na asidi. Asidi ikimgusa anatoa hewa ya yai viza, na hiyo hewa inaua. Lakini salfeti ya chuma anaweza kukaa pale kati, ameshatulia yule. Salfa ileile, mkia tofauti, tabia tofauti."

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni ameduwaa. Wifi akamwona. "Mwalimu mkuu, samahani, shika katoni hiyo, mikono ya wifi yangu imejaa." Na mkuu wa shule, tai na yote, akashika katoni. Mkaguzi aligeuka upande akakohoa, nami ningeapa ni kicheko.

Ilibaki chupa moja ya plastiki mezani, hidroksidi ya sodiamu. Mkaguzi akaisogeza kwa ncha ya kalamu. "Hii nayo ni idi. Utaiweka na chumvi ya mezani?"

 Hilo sikumfundisha. Mchana ule wa mvua sikusema kwamba kuna idi za bandia.

Wifi aliichukua chupa akaipima uzito mkononi. "Huyu alinidanganya mwaka wa kwanza wa kuwapanga kwa mikia," akasema. "Nilimweka na akina kloridi kwa sababu ya mkia. Siku moja kizibo kilikuwa hakijakazwa, akala hewa ya unyevu akawa maji, akaniunguza vidole hivi viwili. Nikamwomba mwanafunzi mmoja wa darasa la juu anisomee kitabu. Kumbe ndani wamo watatu, idi ya kuazima. Asidi hapatani nayo, wakikutana joto linapanda. Kwa hiyo huyu anakaa peke yake, chini, kwenye plastiki. Mkia unakwambia nyumba anayotoka mtu. Lakini lazima ukae naye umjue."

 Mkaguzi akaandika. Aliandika muda mrefu, akafungua ukurasa wa pili, akaandika tena.

"Watu wengi hupanga kwa alfabeti," akasema akiwa bado anaandika. "Inapendeza machoni. Ndivyo stoo zinavyoungua." Kisha akainua kichwa. "Aliyekuja kabla yangu aliandika mpangilio haueleweki. Hukumweleza?"

"Hakuniuliza," Wifi akasema. "Alinisalimia tu."

"Bandika majina ya koo kwenye kila rafu, ili hata usipokuwepo mtu asivuruge. Hilo ni agizo." Akafunga faili. "Stoo imefaulu. Barua utaipata kabla ya mwezi kuisha, fundi."

Fundi.  Mkuu wa shule bado alikuwa ameshika katoni.

Mkaguzi alikuwa kwenye kizingiti alipokumbuka kitu. "Haya ya mikia, asili yake na maana yake, nani alikufundisha?"

Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Nilistahili kuangalia sakafu.

"Huyu," Wifi akasema, akaniwekea mkono begani, glavu na vumbi juu ya blauzi yangu nzuri. "Huyu wifi yangu. Alinifundisha siku moja tu, mvua ikinyesha, wala hakujua ananifundisha."

Nililia. Nasema wazi. Nimefundisha miaka kumi na miwili, watoto elfu na ushee wamepita mbele yangu, na wameyatumia maneno yangu kujibia mtihani na kuyaacha hapo hapo kwenye karatasi. Mtu mmoja aliyachukua akayafanyia kazi, akaokoa nayo chumba kizima kwa miaka minne, na huyo mtu nilikuwa nikimwagiza kwa kidirisha. Nililia kwa aibu, na kwa furaha zaidi, furaha iliyonifanya nimkumbatie mkuu wa shule, jambo ambalo hatujalizungumzia tena.

Viatu bapa vilipopotea koridoni, Wifi alijitupa juu ya kiti akacheka mpaka akaanza kukohoa. "Ndiyo! Niambie tena, wifi. Stoo ya kisasa! A mpaka Z!"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe pale ulipopiga kelele. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa sasa, nina kazi." Alifuta macho kwa mkono wa koti, akachukua karatasi na kalamu ya wino mzito, akaanza kuandika majina ya rafu: IDI, ITI, ETI, OLI, ONI, OSI. Mwandiko wake ni mkubwa na ulionyooka. Alipofika karatasi ya saba akasimama.

"Kuna hizi za ini. Anilini, kafeini. Nimeziweka pamoja lakini sina uhakika. Huu mkia umetoka wapi, wifi, na unasema nini?"

Nikafikiri. Nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa tena. Nilikuwa na shahada, na darasa langu la saa nne lilikuwa linanisubiri.

"Sijui," nikasema.

Fundi wa maabara akanitazama juu ya karatasi yake, kwa upole, namna mimi huwa siwatazami wanafunzi wangu.

"Basi katafute," akasema. "Kesho uje unieleze."

Nikasema, "Ndiyo, fundi," nikaenda kutafuta.